Maji Yakishapita, Nani Aulizwe Nini?

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yenye matope na magogo yaliteremka kwa kishindo hadi Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba pamoja na watu waliokuwa wamelala. Hakujapambazuka vizuri, habari ilikuwa imeshaenea kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Jua lilipofika utosini, mshtakiwa naye alikuwa ameshapatikana, na jina lake lilitegemea sana msemaji alimpigia nani kura mwaka 2022.

Kisha Wizara ya Maji ikatoa taarifa kwamba hakuna bwawa lililopasuka. Mto ulikuwa ukipita kwenye tundu lililojengwa chini ya tuta la reli. Magogo, mawe na udongo vililiziba, maji yakajaa nyuma ya tuta, halafu yakatoka yote kwa mkupuo. Mtu anaweza kusema hilo ni suala la mafundi tu, lakini tazama linavyoigeuza kesi. Bwawa lina mmiliki, lina kibali, lina mkaguzi. Tundu la reli lina mwenye reli, na mahali fulani kuna mtu ambaye kazi yake ni kulitazama na kulizibua kabla ya masika. Aliyelishika neno "bwawa" asubuhi ile akakomaa nalo wiki nzima, alikuwa akigombeza mlango mmoja huku mlango wa pili ukifungwa taratibu.

Kwa haki, watu wa Nakuru walikuwa na sababu ya kuamini habari ya bwawa. Mei 9, 2018, huko Solai, kaunti hiyohiyo, bwawa la kweli la shamba binafsi lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Aliyewahi kuumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.

Siandiki haya ili watu wafunge midomo. Kulaumu ni haki ya aliyefiwa na ni kazi ya mwananchi. Ninachokipinga ni lawama ya kivivu, ile inayompata mtu tuliyekuwa hatumpendi tangu zamani na kumwacha mwenye dhamana anakunywa chai yake. Basi hizi ni mbinu za kulaumu kwa faida. Zinamfaa msimamizi wa grupu la ukoo, mtangazaji wa redio ya mtaani, mwenyekiti wa kikundi, na yeyote ambaye kidole chake kimeshafika kwenye kitufe cha kutuma.

Futa chama, andika cheo

Mbinu ya kwanza ndiyo mama wa zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Kabla hujatuma ujumbe wa lawama, futa jina la mtu na jina la chama. Mahali pake andika cheo, kazi ambayo cheo hicho kilitakiwa kuifanya, na tarehe.

Marekani walishalipima jambo hili. Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilipiga pwani ya kusini, kuta za mifereji ya New Orleans zikavunjika, na takriban asilimia 80 ya jiji ikawa chini ya maji. Rais George W. Bush alikuwa wa Republican. Gavana wa Louisiana, Kathleen Blanco, na meya wa jiji, Ray Nagin, walikuwa wa Democratic. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na wa kumnyooshea kidole. Wapinzani wa Rais walimwonyesha yeye na FEMA, shirika la serikali kuu la kukabiliana na maafa, ambalo mkuu wake Michael Brown alijiuzulu Septemba 12. Watetezi wa Rais wakasambaza picha ya mabasi ya shule yaliyozama yakiwa yamepangwa mistari, wakamuuliza meya kwa nini hayakutumika kuwahamisha watu. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito wake. Lakini kuta zenyewe zilisanifiwa na kujengwa kwa miongo mingi na kikosi cha wahandisi wa jeshi, chini ya marais wa vyama vyote viwili, na mwaka 2006 kikosi hicho kilikiri kwamba kazi yake ilikuwa na kasoro.

Watafiti wawili, Neil Malhotra na Alexander Kuo, waliwapa Wamarekani orodha ya viongozi wa wakati ule wa Katrina wawapange kwa uzito wa lawama. Matokeo waliyachapisha mwaka 2008. Walioonyeshwa chama cha kila kiongozi walielekea kumtupia lawama wa chama cha upande wa pili. Kwa walioelezwa vyeo, yaani nani ana kazi gani, upimaji ulielekea kwenye wajibu na ushabiki ukapungua. Viongozi ni walewale na maafa ni yaleyale. Kilichobadilika ni maneno machache yaliyoandikwa pembeni ya jina.

Sasa jaribu nyumbani. Chukua ujumbe wa aina hii, ambao kila aliye na simu ameshaupokea: "Hii serikali ya wezi imeua watu wetu Mai Mahiu. 2027 mtajua hamjui!" Una hasira ya haki, ila hauna pa kushikwa. Aliyetajwa atajibu kwamba serikali zilizopita nazo ziliiba, na mtakesha hapo. Uandike upya: "Tundu la chini ya reli juu ya Mai Mahiu lilikaguliwa lini mara ya mwisho kabla ya mvua za Machi 2024? Nani alilikagua, na ripoti iko wapi?" Ujumbe wa pili hauna tusi hata moja, na ndio unaomnyima mtu usingizi, kwa sababu una jibu moja tu na jibu hilo ama lipo kwenye faili ama halipo.

Ili uweze kuandika cheo, sharti ujue kazi ya nani ni ipi. Kenya hili limeandikwa wazi kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Usalama wa mabwawa ni wa serikali ya kitaifa. Mifereji ya maji ya mvua mijini ni ya kaunti. Kukabiliana na maafa kumewekwa pande zote mbili, na hapo ndipo pa kusukumiana. Kwa hiyo mtaro wa mtaa ukifurika, kumwamkia Rais kwa matusi ni kumpa gavana likizo. Bwawa likipasuka, kumkaba gavana peke yake ni kuisamehe wizara. Tanzania, uratibu wa maafa uko Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa mpaka kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako kama kamati hiyo ipo na mara ya mwisho ilikaa lini. Usishangae akikuuliza kamati gani.

Tenganisha kabla, wakati na baada

Lawama nyingi huchanganya nyakati tatu. Kuna yaliyotakiwa kufanyika kabla: utabiri, mitaro, vibali vya ujenzi, pesa za tahadhari. Kuna ya saa yenyewe: onyo, boti, ambulensi. Na kuna ya baadaye: mahema, chakula, makazi mapya, uchunguzi. Kiongozi anaweza kuwa amefanya vizuri moja na kuharibu jingine, na mshabiki wake atakuonyesha lile zuri tu.

Mfano wa "kabla" ni wa Oktoba 2023. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imeshatangaza kwamba El Niño inakuja. Mwanzoni mwa mwezi huo Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba haitakuja kama ilivyohofiwa, ila mvua zitazidi kiwango cha kawaida. Novemba mafuriko yakaja, yakaua watu zaidi ya 100. Hapa lawama ina miguu: kuna kauli, kuna cheo, kuna mwezi. Hata hivyo anayelaumu kwa haki atanukuu na sehemu ya pili, ile ya mvua kuzidi kawaida, kisha ataliweka swali linapouma: baada ya kauli ile, ni maandalizi gani yalisimamishwa, na ni ofisi gani iliyoyasimamisha? Ukiikata kauli katikati, mtetezi wake ataitoa nzima na wewe utaonekana mwongo, ingawa msingi wa hoja yako ni mzuri.

Novemba hiyohiyo ukazuka mzozo wa pesa. Rigathi Gachagua, wakati huo Naibu Rais, alisema kaunti zimepewa shilingi bilioni 10 za kukabiliana na El Niño. Magavana wakakana kupokea fedha za namna hiyo. Wananchi wakagawanyika kama kawaida, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Mzozo wa namna hii usiuamue kwa sura ya msemaji. Uliza mambo mawili tu: je, ni fedha mpya zilizotengwa kwa maafa, au ni mgao wa kawaida ambao kaunti ingepata hata jua lingewaka? Na ziliingia kwenye akaunti tarehe gani? Serikali zetu zina kipaji cha kuipa fedha ileile majina matatu.

Kuhusu "baada", tuwe waangalifu na macho yetu. Andrew Healy na Malhotra, katika utafiti wao wa mwaka 2009 kuhusu chaguzi za Marekani, waliona kwamba wapiga kura humzawadia kiongozi kwa fedha za msaada baada ya maafa, lakini hawamzawadii kwa fedha za kujiandaa, japo walikadiria kwamba dola moja ya maandalizi huokoa hasara ya dola 15 hivi baadaye. Kwetu huhitaji utafiti, angalia tu gunia la unga lenye picha ya mheshimiwa. Mtaro uliozibuliwa Februari haupigwi picha na mtu. Kwa hiyo mbinu hii ina upande wake wa pili: ukimwona mhandisi wa halmashauri au mwakilishi wadi anasimamia uchimbaji wa mtaro wakati wa kiangazi, piga picha, mtaje, msifu hadharani, hata kama ni wa chama usichokipenda. Hasa kama ni wa chama usichokipenda.

"Huu si wakati wa siasa"

Kauli hii utaisikia kila mara, na mara nyingi kutoka kwa aliye madarakani. Usiikatae moja kwa moja. Saa za kuopoa maiti ni za kuopoa maiti, na mtu anayehutubia juu ya vifusi wakati majirani wanachimba kwa mikono anastahili kunyamazishwa. Ila muulize mheshimiwa: kama si leo, ni lini? Akitaja tarehe ya taarifa ya uchunguzi, iandike na umwache afanye kazi. Asipotaja, basi alichosema nacho kilikuwa siasa.

Ndugu wa kauli hiyo ni "ni mapenzi ya Mungu". Imani ya mfiwa iheshimiwe, na kwenye matanga hapajibizwi. Waziri akiitumia kwenye mkutano wa waandishi wa habari, hapo anajibiwa kwa adabu kwamba mvua ni ya Mungu, mtaro ni wa halmashauri.

Halafu kuna maafa ambayo chanzo chake kweli hakina mtuhumiwa. Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, wakafa watu 89. Siku za mwanzo zilijaa uvumi wa volkano. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikalainika, ikashindwa kujishikilia. Hapo anayetafuta chama kilichosukuma mlima anapoteza muda. Maswali yenye maana yalikuwa ya onyo, ya uokoaji, na ya mahali pa kuwajengea upya waliobaki.

Wahanga nao hufanywa washtakiwa

Hii ndiyo siasa ya chinichini ambayo hatuiiti siasa. "Walijenga mtoni kwa ukaidi." Imesemwa Mathare na Mukuru jijini Nairobi, imesemwa Jangwani na bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, na hurudi kila masika. Mwaka 2024 serikali ya Kenya iliwaamuru wakazi walio ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame, nyumba zikabomolewa mvua ikiendelea kunyesha.

Kabla ya kuitikia wimbo huo, uliza kuhusu kiwanja kile. Nani aliyekiuza, na nani aligonga muhuri kwenye karatasi ya mauzo? Nguzo ya umeme ilifikaje hapo? Wakati wa uchaguzi, kituo cha kupigia kura kiliwekwa umbali gani? Mtu aliyeishi mahali miaka 20 akilipa bili na kuombwa kura, haiwezekani awe mvamizi kuanzia siku maji yalipoingia. Sisemi abaki bondeni, kwa maana mto haujui hati miliki. Nasema akihamishwa, orodha ya walioulizwa iwe ndefu kuliko jina lake.

Mgogoro wa Rufiji na Kibiti, Tanzania, wa Aprili 2024 unafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu pande zote zilikuwa na kipande cha hoja. Mashamba na nyumba zilipozama, wako waliolaumu maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lililoko kwenye mto Rufiji. Upande wa serikali ukajibu kwamba bonde lile limekuwa likifurika tangu enzi, na kwamba bwawa lilipunguza makali. Ni kweli kwamba watu wa Rufiji wanaujua mto wao, na kilimo chao kimeishi kwa kufuata maji yanapopanda na kupungua. Lakini ukweli huo haujibu swali la mwaka huo. Linalojibu ni hesabu: kwa siku fulani, maji kiasi gani yaliingia bwawani, kiasi gani yalitoka, na mkulima wa huko chini aliarifiwa saa ngapi na kwa njia gani? Namba hizo zikiwekwa mezani, mpinzani na chawa wa serikali wote wanakuwa na kazi ndogo.

Idadi na picha

Hapa nitapita haraka. Idadi ya waliokufa itaje pamoja na siku na aliyeitoa, kwa kuwa itabadilika. Ya Katrina ilitajwa kwa miaka mingi kuwa 1,833, na baadaye kituo cha vimbunga cha Marekani kikaipitia upya na kuishusha hadi 1,392. Namba ikipanda usiseme walificha, ikishuka usiseme walitia chumvi, mpaka uwe na sababu.

Picha ya kutisha sana ichunguze kabla ya kuisambaza: namba za magari, maandishi ya kwenye maduka, sare za waokoaji. Mafuriko ya nchi nyingine hupenda sana kuhamia kwetu wakati wa masika. Ukikwama, PesaCheck na JamiiCheck hufanya kazi hiyo.

Mjomba kwenye grupu

Ugomvi mwingi hauko bungeni, uko kwenye grupu la ukoo, na aliyeuanzisha ni mkubwa wako. Usimjibu kwa kiungo cha habari kama unayemrushia jiwe. Mwandikie pembeni: "Shikamoo mjomba. Poleni na habari za huko. Nimeona ujumbe wako, nikataka kujua, hiyo picha ni ya barabara gani? Kama ni ya kwetu, tumuulize mhandisi wa wilaya kuhusu lile kalavati." Hujamwambia kakosea. Umempa kazi, na wajomba wengi wanapenda kazi kuliko kusahihishwa. Akiendelea na chama chake, mwache. Hukutumwa kumbadilisha dini.

Barua, kisha kalenda

Kenya, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikikunyima, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ofisi ya Ombudsman kama wengi wanavyoiita. Tanzania nayo ina sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka huohuo wa 2016.

Barua isizidi ukurasa mmoja na isiwe na hotuba. "Naomba nakala ya ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa kalavati lililopo barabara fulani, karibu na shule fulani, tarehe ya ukaguzi, kiasi cha fedha kilichotengwa kulikarabati mwaka huu wa fedha na kiasi kilichotumika." Weka jina, saini na tarehe, piga nakala, hakikisha ya kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakiwa kumi wanaouliza jambo lilelile, wapeleke barua kumi.

Kalenda ndiyo inayolemewa na usahaulifu wetu. Lawama huwaka wiki mbili, kisha inakuja ligi, unakuja uchaguzi mdogo. Bajeti haina wiki mbili hizo. Kenya, makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mikutano ya maoni ya wananchi hutangulia au kufuata hapo. Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda na ile nakala yenye muhuri. Ikifika zamu ya mengineyo, simama, soma swali lako la kalavati kama lilivyoandikwa, taja tarehe uliyoipeleka barua, na uombe jibu liingizwe kwenye muhtasari wa kikao kabla hujakaa.